Vyungu Vidogo vya Ziwa Kisale

Katika miji yetu ya migodi kila mtu anajua kuchimba. Lakini kuna kuchimba kwa kutafuta feza, na kuna kuchimba kwa kutafuta habari za wazee wetu. Tofauti hiyo niliijifunza Sanga.

Kutoka Bukama tulishuka mto Lualaba kwa mashua mpaka Ziwa Kisale, inchi ya matete, samaki na mbu. Sanga ni kijiji kando ya maji. Kwa macho hakuna ajabu, lakini chini ya miguu ya watu kuna makaburi ya zamani sana. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale, na mwaka 1974 Pierre de Maret akarudi kuendelea na kazi.

Kijana mmoja akanifuata, mkononi kachungu kadogo, hakapiti ngumi ya mtoto.

«Mama, uza haka. Ni ka kuchezea.»

Nikafungua mfuko. Nilimfikiri binti yangu, anapenda kupika-pika na mikebe na udongo. Mzee mwenye kutuongoza akanishika mkono.

«Hapana, mama. Haka hakakuwa ka kuchezea. Kalitoka pa kaburi ya mutoto.»

Akaeleza: karibu miaka 1000 iliyopita, watu wa hapa walizika wafu wao pamoja na vyungu. Mkubwa aliwekewa vyungu vikubwa, mtoto vidogo, kwa kipimo chake. Makaburi mengine ya watoto yana mali nyingi, hata bangili za shaba.

Nilinyamaza. Mimi pia nilizika mtoto, alikuwa na miezi saba. Nilimwekea kofia yake ya sufu, sababu niliogopa baridi. Basi mama yule wa zamani nilimwelewa bila mkalimani.

Nikauliza: miaka inajulikana namna gani? Mzee akasema, wataalamu wanapima makaa ya moto yenye kulala udongoni pamoja na vitu. Wanalinganisha umbo la vyungu. Wanaangalia kaburi gani lilikata lingine: lenye kukata ni la nyuma. Hata shaba inasema: katika makaburi ya kwanza ni mapambo, nyuma inakuwa misalaba midogo ya kufanyia biashara, na kwa kupita kwa miaka misalaba ile inazidi kupunguka ukubwa.

«Lakini haka kachungu,» akasema, «kalitolewa usiku na jembe. Mifupa iko wapi? Makaa iko wapi? Sasa ni kachungu tu. Hakana tena mutu wa kukasemea.»

Vijana, kama jembe lako linagonga kitu cha namna hiyo, simama. Usikitoe, usikiuze. Andika mahali, ita mwalimu wako, peleka habari kwa watu wa museo ya Lubumbashi.

Sikununua. Kijana akakasirika kidogo, nyuma akaketi na sisi kumsikiliza mzee. Nyumbani nilimfinyangia binti yangu kachungu kapya. Kalipasuka siku ile ile, naye akacheka.