Kompyuta Kuukuu za Mkononi katika Somo la Hisabati

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikusanya kompyuta kuukuu za mkononi, yaani vile vyombo vidogo vilivyokuwa vikitiwa mfukoni kabla simu haijachukua kazi zote. Wengine hukusanya stempu au sarafu. Mimi nimeangukia hivi. Mke wangu huviita makopo, wala sina haja ya kubishana naye, kwa maana vingi kati yake haviwaki. Hata hivyo vile vichache viwakavyo vimenifaa darasani kuliko zana nyingi za maboksi na gundi, na ndiyo sababu ya kuwaandikia ninyi wanachuo mnaojiandaa kufundisha Hisabati katika shule za msingi.

Vyombo hivi havipatikani dukani. Huonekana kwa nadra huko Tandika, wilayani Temeke, kwa wauzao mali iliyokwisha kutumika, vikiwa ndani ya beseni moja na rimoti za televisheni, chaja zilizokatika na simu zisizo na vioo. Upande wa Kinondoni huwaendea mafundi wa Mwananyamala na Mwenge, nikawaomba wanifungulie droo za chini, zile watiamo vitu visivyo na mwenyewe. Hapana budi kwenda asubuhi, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita, kwani yeye hupima kila kitu kwa kilo. Siku moja muuzaji wa Tandika alininyoshea kitu bapa chenye vitufe vidogo mno akasema, "Hiyo kalkuleta, mwalimu, haina hata tundu la chaja. Chukua kwa elfu tatu." Kumbe ilikuwa Casio PB-100, kompyuta kamili iliyotolewa Japani mwaka 1982. Kioo chake huonyesha herufi 12 tu kwa mara moja, na kumbukumbu yake haizidi hatua 544 za programu, lakini hufahamu lugha ya BASIC, na hutenda lile tu uliloliagiza.

Wakati chombo hicho kinatengenezwa, ilikuwa vigumu mno kompyuta ya namna yoyote kuingia nchini mwetu, maana mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wake. Wataalamu wa istilahi waliwahi kutupatia neno "ngamizi", na wenzetu wa Kenya wakapendelea "tarakilishi". Sokoni Tandika ukitamka mojawapo utatazamwa kama mgeni.

Baadaye, marufuku ilipokwisha, vyombo vya mkononi vilifanya kazi kubwa hapa hapa kwetu, nalo ni jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 2004, katika utafiti wa afya uliofanyika katika wilaya tano za mikoa ya Lindi na Mtwara, wadadisi walipita katika kaya zaidi ya 20,000 wakiandika majibu, si katika karatasi, bali katika vikompyuta vya Palm. Kazi ya kunakili madodoso, ambayo aghalabu huchukua miezi, haikuwapo tena. Ninacho kimoja cha aina hiyo ya Palm. Sijui kilitumikia wapi, wala chenyewe hakiwezi kusimulia, kwa sababu kumbukumbu yake hufutika yote betri inapokwisha kabisa.

Kuhusu kuvifufua sitasema mengi. Adui mkubwa si vumbi bali betri iliyosahauliwa ndani, ambayo huvuja na kula vyuma vinavyoigusa. Siki kidogo, mswaki mkuukuu, kisha spiriti na subira ya siku nzima, huponya karibu nusu ya wagonjwa wangu. PB-100 hula betri mbili bapa aina ya CR2032, zile zile zitumikazo katika rimoti nyingi za magari. Psion Organiser II, ya Uingereza, ya mwaka 1986, huhitaji betri ya volti 9, na ina jambo moja la kufurahisha: vitufe vyake vya herufi vimepangwa kwa taratibu ya alfabeti, kuanzia A. Watoto wa darasa la pili huipenda kuliko simu ya mzazi yeyote, ingawa huuliza sana Q na X ni za kazi gani.

Sasa nije darasani. Sote tumelelewa na neno MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni neno zuri, na mtoto hulikumbuka hata uzeeni. Katika darasa la tano niliweka juu ya meza kikokotoo cha kawaida cha dukani na ile PB-100, nikaandika ubaoni: rula moja ya shilingi 600 na madaftari 3 ya shilingi 500 kila moja. Mwanafunzi mmoja alibonyeza kwenye kikokotoo 600 + 500 × 3, akapata 3,300. Mwingine akabonyeza hivyo hivyo kwenye kompyuta, akapata 2,100. Darasa likachafuka. Nilinyamaza kwa makusudi, na nawasihi nanyi mnyamaze wakati kama huo, japo ni vigumu. Baada ya mabishano, binti mmoja ambaye kwao wana genge alisema kwamba kile kidogo hujumlisha papo hapo, bila kungoja kujua kinachofuata, na kwamba mteja akitozwa kwa namna hiyo atakuwa ameibiwa shilingi 1,200. Hakuna maelezo yangu ambayo yangeweza kuufunga mjadala vizuri zaidi.

Ilikuwa dhahiri kwamba MAGAZIJUTO imeshinda, na wengi wetu tungeishia hapo. Lakini niliandika hesabu ya pili: 10 – 4 + 3. Wanafunzi walio hodari walijumlisha kwanza, 4 na 3 ni 7, wakapata 3. Mashine zote mbili zikatoa 9. Kijana aliyekaa nyuma alisimama, akasema kwa adabu lakini bila kutetereka, "Mashine zimekosea, mwalimu. Magazijuto inasema jumlisha kabla ya kutoa."

Hapo ndipo penye uzito, ndugu zangu. Kijana huyu alikuwa ametii kanuni neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Mwalimu anayemjibu kwamba mashine haikosei anamfundisha kuinamia kioo, naye ameona dakika chache tu zilizopita kwamba kikokotoo kilipotosha. Mwalimu anayemwambia kwamba kanuni ya ubaoni haijadiliwi anamwacha na jibu la 3. Tulitumia maembe. Una 10, umegawa 4, umeletewa 3. Mangapi yamo kikapuni? Akahesabu mwenyewe, akafika 9, akaketi akiwa bado ana kinyongo kidogo na lile neno. Ukweli ni kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia. Na ndivyo zilivyo kuzidisha na kugawanya. Neno halina nafasi ya kueleza hayo yote, kwa hiyo yakupasa uyaeleze wewe, tena kwa hesabu iliyochaguliwa ili kulitingisha.

Mtauliza, je, simu isingefanya kazi ile ile? Kwa sehemu tu. Simu hutoa jibu na kuendelea na mambo yake. PB-100 ukiiandikia programu fupi ya mistari minne ya jedwali la kuzidisha, huonyesha jibu moja kisha husimama, ikingoja kitufe kibonyezwe. Katika kungoja huko darasa zima hutaja jibu linalofuata kabla halijatokea, na anayeshika chombo ndiye mwamuzi. Nimekwisha kuona mtoto mzito wa kuzungumza akigombea zamu ya kubonyeza.

Tatizo ni kwamba PB-100 husahau programu zote kila ninapotoa betri zake. Kwa hiyo nimezinakili kwa kalamu katika daftari, na wanafunzi wa darasa la sita ndio huziandika upya, mmoja akisoma mstari, mwingine akibonyeza, wa tatu akihakikisha kwamba hakuna alama iliyorukwa.