Safari ya Shisr: Kisima, Ubani na Mji Uliosemekana Kupotea



Ndugu wasomaji, kila mwaka upepo wa kusi unapoanza kuvuma, familia nyingi za kwetu zilizoko Maskati hufunga mizigo na kushika njia ya Salalah. Ni kusi ile ile waliyoitegemea mababu zetu katika majahazi yao, na hapa Dhofar huleta ukungu na manyunyu yanayoivika milima majani mabichi. Mara hii tulikwenda familia tatu katika magari mawili, pamoja na Bibi yetu ambaye kamwe hakubali kuachwa nyuma. Wengine hufuata ubaridi na maporomoko ya maji. Sisi tulikuwa na jambo jingine: tulikuwa na deni kwa kijana wetu mmoja wa miaka kumi na mitatu.

Deni hilo lilianza nyumbani. Miezi michache kabla ya safari, picha moja ilipita katika simu zetu. Ilionyesha mifupa ya mtu mkubwa mno imelala shimoni, na kando ya fuvu yupo mchimbaji aliyeonekana mdogo kama siafu. Maneno yaliyoandamana nayo yalidai kwamba hayo ni mabaki ya kaumu ya 'Ad, yaliyofukuliwa na watafuta mafuta katika jangwa la Rub' al-Khali. Sisi wakubwa tuliipokea, tukasema Subhanallah, tukawapelekea jamaa. Kijana akaichapa, akaipeleka shuleni, akasimama mbele ya wenziwe kuieleza. Mwalimu wake, kwa upole, akamwonyesha asili yake.

Asili yenyewe ni hii. Mwaka 2000 wataalamu walifukua mifupa ya mnyama wa kale wa jamii ya tembo mahali paitwapo Hyde Park, katika jimbo la New York, Marekani. Mwaka 2002 msanii mmoja aliichukua picha ya uchimbaji huo, akaipachika mifupa ya binadamu, akaiingiza katika mashindano ya picha za kubuni. Hakukusudia kumdanganya mtu. Lakini kufikia mwaka 2004 picha ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia, kila kundi likiipa hadithi yake, na hadithi tuliyoletewa Waislamu ilikuwa ya 'Ad.

Kijana alirudi nyumbani kimya. Usiku, baada ya sala ya Isha, akamwuliza baba yake mbele yetu sote: "Baba, nyinyi ndio mlioniambia kuwa mifupa ile ni kweli. Sasa yale mengine mliyonifundisha nitayajuaje?"

Hakuna aliyemjibu. Swali lile lilitukosesha usingizi, kwani tuliona kwamba uwongo tuliodhani unaisaidia imani ndio uliokuja kuitikisa. Ndipo tukaazimia kwamba safari hii tumpeleke mahali penyewe panaponasibishwa na 'Ad, atazame kwa macho yake, na sisi tumwambie kweli tupu.

Tulitoka Salalah asubuhi. Barabara ilipanda milima, ukungu ukiwa mzito hata taa za gari hazikufua dafu. Tulipovuka kilele tu, ukungu ukakatika kama pazia, jua likawaka, na mbele yetu ikatanda nchi kavu ya mawe. Si mbali na hapo pana bonde la Wadi Dawkah, lenye miti ya ubani iliyohifadhiwa. Miti yenyewe ni mifupi, imejikunja, wala haina sifa kwa asiyeijua. Gome lake hukwanguliwa, utomvu mweupe ukatoka kama machozi, ukaachwa siku kadhaa ukauke, kisha ukakusanywa. Bibi alishuka garini, akaushika mti kwa kiganja chake, akasema: "Miaka yote nimekifukiza chetezo, msibani na arusini, kumbe ubani unatoka kwenye kijiti kama hiki!" Watoto walicheka, lakini sisi tuliona kwamba Bibi ndiye aliyetufungulia mlango wa safari.

Kutoka hapo tulipita Thumrait, tukaacha njia kuu ya Maskati, tukaingia jangwani. Shisr iko umbali wa takriban kilomita 170 kutoka Salalah. Ni kijiji kidogo chenye mitende na mashamba ya kumwagilia, na pembeni mwake ndipo palipo magofu. Msafiri anayetarajia nguzo zinazofika mawinguni atavunjika moyo. Kuna misingi ya kuta za mawe, mabaki ya minara ya ngome, na katikati shimo kubwa, ambalo sehemu ya ngome ilitumbukia ndani yake. Watoto waliinama kwenye ukingo, wakatupa macho chini, wakauliza: "Ndiyo hiyo tu?"

Ndiyo hiyo tu. Na hapa inatupasa kueleza jinsi mahali hapa palivyopata jina kubwa.

Katika safari yake ya kuvuka Rub' al-Khali miaka ya 1930 na 1931, Mwingereza Bertram Thomas, aliyekuwa waziri wa Sultani wa Maskati, alionyeshwa na Mabedui njia za kale zilizopotelea mchangani, wakamwambia kwamba ndizo njia za kwendea Ubar. Mwaka 1932 St John Philby naye alikwenda kuutafuta mji huo upande ambao leo ni Saudi Arabia, akakuta mashimo yaliyotobolewa na kimondo kilichoanguka kutoka angani. Mmarekani Wendell Phillips alijaribu katika miaka ya 1950, asifanikiwe.

Kisha zikaja picha za kutoka angani. Mwaka 1984 chombo cha Challenger kilipiga jangwa hili picha za rada, na picha za setilaiti za Landsat na SPOT zikaongezewa. Zilionyesha njia za misafara ya ngamia, nyingine zikipita chini ya vilima vya mchanga, na baadhi zikikutana Shisr. Nicholas Clapp, Ranulph Fiennes na mwanaakiolojia Juris Zarins wakaja na wenzao, wakachimba, wakaikuta ngome. Mwezi Februari mwaka 1992 magazeti ya dunia yakatangaza kwamba mji uliopotea umepatikana. Fiennes aliandika kitabu mwaka huo huo, na katika jina lake akaulinganisha mji huu na Atlantis, ile nchi ya hadithi za Wayunani iliyozama baharini. Wengi wetu tukaongeza letu: tukasema kwamba hii ndiyo Iram iliyotajwa katika Surat al-Fajr, na kwamba sayansi imethibitisha.

Hata hivyo, Zarins mwenyewe, aliyeongoza uchimbaji, baadaye alieleza kwamba Ubar halikuwa jina la mji mmoja, bali la eneo zima na watu wake. Shisr ilikuwa kituo cha maji chenye ngome ya kukilinda. Picha za angani zilionyesha njia. Hazikuonyesha mji wa dhahabu. Wala kisima hakikuwa kimepotea. Wilfred Thesiger alikipitia katika miaka ya 1940 akiwa na wenyeji waliokuwa wakinywesha ngamia zao hapo. Jambo wasilolijua wageni si lazima liwe limepotea.

Ama kuhusu Iram, wanazuoni wetu hawakungojea setilaiti. Wapo wafasiri waliosema kuwa Iram ni kabila, na wapo waliosema kuwa ni mji, na waliosema ni mji walihitilafiana kuhusu mahali pake. Wengine waliutaja hata Damascus. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliipinga waziwazi hadithi ya mji wa ajabu uliofichika katika jangwa la Aden. Alisema kwamba nchi hiyo hupitwa na wasafiri na viongozi wa njia kila siku, na hapana aliyeleta habari za mji huo. Na akafahamu kwamba nguzo zilizotajwa ni nguzo za mahema. Mtu anaweza kuafikiana naye au asiafikiane naye, lakini hapana awezaye kusema kwamba Ibn Khaldun alipungukiwa na imani kwa kuwa alidai ushahidi.

Tulikaa kivulini tukamweleza kijana haya yote, bila ya kuficha kosa letu. Baba yake akamwambia: "Mwanangu, sisi ndio tuliokosea. Tumeamrishwa katika Surat al-Hujurat tuihakikishe habari kabla ya kuichukua, nasi tuliichukua kwa kuwa ilitupendeza. Habari za 'Ad tumezipata katika Qur'ani, na mafunzo yake ni kwamba kiburi huangamiza. Mafunzo hayo hayahitaji mifupa ya kubandika."

Kijana akatazama shimo, akauliza: "Basi hapa palianguka kwa nini?"

Swali hili tuliweza kulijibu. Ngome ilijengwa juu ya jabali la chokaa lenye pango chini yake, na maji yalikuwa ndani ya pango. Yale yale maji yaliyowaleta watu ndiyo yaliyoulegeza msingi. Paa la pango liliposhindwa kuubeba uzito, sehemu ya ngome ikaenda nayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hii inanitosha. Naweza kuieleza shuleni." Tukashusha pumzi.

Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza ngamia waliopita hapa walibeba nini. Tukamwambia: ubani, wa miti ile aliyoigusa asubuhi. Ubani wa Dhofar ulipita njia za jangwani na za baharini, ukafika Misri, Rumi na Bara Hindi kabla ya kuja kwa Uislamu. Bila ya kisima kama hiki msafara usingethubutu kuingia mchangani. Ndiyo sababu mwaka 2000 UNESCO iliiingiza Shisr katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Wadi Dawkah na bandari za kale za Khor Rori na al-Baleed, kwa ajili ya biashara ya ubani.

Kwetu sisi, huu ndio ujuzi wa kale unaostahiki kusimuliwa: kujua jiwe gani linaficha maji, mti gani ukatwe wapi na kwa kiasi gani usife, nyota gani ifuatwe usiku. Wenye ujuzi huo walikuwa watu wa urefu kama wetu. Anayewageuza kuwa majitu huwanyang'anya kazi ya mikono na akili zao, na sisi tuliotoka pwani tunaijua dhulma hiyo, kwani magofu yetu nayo yamewahi kupewa wajenzi wengine ilhali wenyewe tupo.

Kwa wanaokusudia kwenda: jazeni petroli Thumrait, chukueni maji ya kutosha, na msikaribie sana ukingo wa shimo mkiwa na watoto. Tazameni al-Baleed pia, iko Salalah penyewe.

Usiku ule, tuliporudi, Bibi alitia makaa katika chetezo na juu yake ubani alioununua sokoni. Simu ya mmoja wetu ikalia. Ilikuwa picha nyingine ya maajabu. Kijana akainyoosha mikono, akaipokea simu, akasema: "Ngojeni kwanza, niulize ilikotoka."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli mbele ya watoto wetu. Wallahu a'lam.