Maji ya Kusadikika

Kuna watu wazima wanaoona haya kukiri kwamba bado wanapenda hadithi za majini, za paa wanaosema na za miji inayoelea hewani. Watakuambia kwamba wao husoma magazeti na historia, na kwamba hayo mengine ni ya watoto na vikongwe. Mimi sioni haya. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na kama ningeulizwa ni wapi nimesikia maswali makali zaidi juu ya haki, nisingetaja mkutano wa kijiji wala semina. Ningetaja hadithi ambazo kila mtu anajua kwamba hazikutokea. Humo hakuna mwenyekiti wa kumkatiza msemaji.

Nianze na ya kwetu. Baba yangu alikuwa Mmakonde wa Newala na mama yangu Mmakua wa Masasi. Kwa hesabu ya huku, ambako ukoo hufuata tumbo, mimi ni Mmakua niliyelelewa na Wamakonde, na pande zote mbili wamenitania kwa sababu hiyo tangu utotoni. Masasi iko chini, katikati ya majabali makubwa yaliyosimama peke yake kama watu waliogombana. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaona ardhi inaporomoka mbele ya miguu yako hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ni mahali pazuri sana pa kutazama, lakini maji yako huko chini unakotazama. Udongo wa juu ni mchanga. Mvua inanyesha, inazama, kisha inatokea chini ya mteremko katika chemchemi.

Sasa sikia kisa cha asili ya Wamakonde. Hapo kale, upande wa Mahuta, ambako leo ni wilaya ya Tandahimba, palikuwa na pori tupu. Akatoka humo mtu asiyeoga wala kunyoa nywele. Akachukua kipande cha mti, akachonga sanamu yenye umbo la mtu, akaisimamisha kando ya kibanda chake. Usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga. Mwanamke akajifungua mtoto, naye amekufa. Wakahama, wakakaa bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakarudi juu Mahuta, na huko mtoto wa tatu akazaliwa hai, akakua. Ikawa amri kwa wajukuu wao kwamba wasikae mabondeni wala karibu na mito mikubwa, maana huko kuna maradhi na kifo.

Kisa hiki kilichapwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Karl Weule, mtaalamu wa mila aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alikiweka katika kitabu chake cha mwaka 1908. Alikuwa mtu wa ajabu kidogo, aliyetembea na mashine ya kunasa sauti na kuwagawia watu penseli na karatasi wamchoree watakacho. Katika kitabu hichohicho ameandika kwamba Newala ya siku zake ilitaabishwa na umbali wa maji. 

Bibi yangu mzaa baba, ambaye hakujua kusoma, aliyaunganisha mambo hayo mawili kwa njia yake. Aliposimulia kisa hicho na kufika mahali ambapo yule mtu wa porini anatangaza kwamba makao yao yatakuwa juu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanamke akauliza: na maji?" Halafu akanyamaza tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. "Mwanamume hakujibu. Basi mwanamke akatwaa mtungi, akashuka." Hapo wanawake wote waliokuwepo waliguna, na babu alipata shughuli ya ghafla ya kuchochea moto. Nilipomwuliza bibi kama ndivyo alivyosimuliwa na mama yake, alinicheka. "Mume wangu," aliniambia, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao, "mwanamke yule alichongwa bila kuulizwa. Lakini mdomo alichongewa."

Basi hicho ndicho ninachotaka kukieleza katika kurasa hizi. Kuna kazi moja ya fasihi ambayo haipewi heshima yake, nayo ni kazi ya kuongeza. Mtu amependa hadithi ya mwingine mpaka hawezi kuiacha ilivyo. Anaingia ndani yake, anamwamsha mhusika aliyesahauliwa pembeni, anauliza swali ambalo mwenye hadithi hakuliuliza. Wengine wanaita huko kuiga, na wengine wanasema ni kuharibu.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu miaka ya 1980, nikiwa mwalimu katika shule moja ya sekondari huku juu. Tulikuwa tukisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Msomaji aliyepita darasani anaikumbuka. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, yaani kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mawazo ya kuifaa nchi, na badala ya shukrani wakapewa kifungo. Nchi yenyewe imesemwa tangu kichwa cha kitabu kwamba iko angani. Mzee Shaaban aliandika chini ya utawala wa Mwingereza, na anga ilikuwa mahali salama pa kusemea mambo ya ardhini. Hayo nilikuwa nayafundisha kila mwaka na wanafunzi waliyaandika kila mwaka.

Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kama nchi yao iko angani, maji wanateka wapi? Na nani anayeteka?"

Darasa zima lilicheka, ila wasichana hawakucheka sana. Nimesoma uhakiki mwingi wa kitabu kile na sijakutana na swali hilo. Mhakiki wa Dar es Salaam anayefungua bomba jikoni hana sababu ya kuliuliza. Lakini mtoto wa Newala anajua maana ya kukaa juu. Mabomba yalikuja huku kwa awamu. Kwanza ulikuja mradi wa Makonde wa miaka ya 1950, kisha wakaja Wafini kuanzia miaka ya 1970, lakini siku pampu ilipokosa dizeli au kipuri, ndoo zilirudi njiani na njia ilikuwa ileile ya mababu. Wenye paa la bati walikinga mvua katika matangi ya saruji. Wenye paa la nyasi walishuka. Na tukisema "walishuka", sote tunajua ni kina nani.

Msichana yule alikuwa mmoja wao. Shuleni namba ilipigwa saa 1 kamili asubuhi na aliyechelewa alichapwa. Ilikuwa sheria nzuri kuisoma ubaoni, kwa kuwa haikumpendelea mtu. Mvulana aliyeamka akanawa akavuka barabara, na msichana aliyeamka saa 10 za usiku akashuka bondeni akapanda na ndoo kichwani ndipo akavaa sare, walipimwa kwa saa moja ya ukutani. Tulipolizungumza jambo hilo katika kikao cha walimu, jibu lilikuwa kwamba tukianza kuangalia sababu za kila mmoja hatutamaliza, na kwamba haki ni kuwatendea wote sawa. Mwenye kusema hivyo hakuwa mtu mbaya, na nyumba yake ilikuwa na tangi.

Wiki mbili baadaye msichana aliniletea daftari. Alikuwa ameandika mjumbe wa saba. Mjumbe huyu hakutumwa na baraza wala na mfalme. Ni msichana anayetoka Kusadikika kila alfajiri akiwa na mtungi, anashuka kwa ngazi ndefu hadi duniani, anateka, anapanda. Wajumbe sita walisafiri mara moja moja wakawa mashujaa. Yeye amesafiri kila siku na hakuna aliyemwita msafiri. Kesi ya Karama inaendelea siku baada ya siku, na mawaziri wanakunywa maji katikati ya hotuba bila kuuliza yametoka wapi. Siku ya sita msichana hapandi. Waziri anayemshtaki Karama anasimama kusema, koo limekauka, sauti haitoki. Kesi inakwisha hapo. Karama ameshinda, lakini kwa kiu, si kwa ufasaha wake. Na msichana yuko wapi? Daftari halikusema. Mstari wa mwisho ulikuwa na ngazi tu, iliyoning'inia bila mtu.

Mwalimu mwenzangu mmoja alilisoma akakasirika. Alisema mtoto amekiharibu kitabu cha watu, na kwamba akiyaandika hayo kwenye mtihani atapata sifuri. Kuhusu mtihani alikuwa na haki. Lakini kitabu kilikuwa bado kabatini, kurasa zake zote zimetimia, na wajumbe sita hawajapungua hata mmoja. Mtu aliyeongeza mjumbe wa saba lazima awe amewahesabu sita vizuri.

Na kama kuongeza ni wizi, basi tuwashitaki wakubwa kwanza. Shaaban Robert mwenyewe, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alichukua kisa cha Alfu Lela u Lela akakivisha kanzu ya kwake. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimpenda mpelelezi wa Waingereza, Sherlock Holmes, akampa nduguye wa Kiswahili: Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafikiye Najum asiyeishiwa maswali. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya waandishi wa Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, ukachapwa mwaka 1960, na hadi leo sijaona mtu aliyemwita mwizi. Huko Uingereza Conan Doyle alimwua Holmes wake mwaka 1893. Wasomaji wakapiga kelele miaka 10 mpaka mwaka 1903 akamfufua. Msomaji akipenda sana, mwandishi habaki mwenye mali peke yake.

Wachongaji wa mpingo wanalielewa hili kuliko sisi wa vitabu. Wengi wa waliopata sifa walitoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, wakavuka kutafuta kazi za mkonge na baadaye kukimbia vita. Samaki Likankoa alipochonga shetani wa kwanza wa mtindo ule katika miaka ya 1950, kiumbe asiye na mfano, wenzake walilidaka wazo, na kila mmoja akaongeza jicho lake, pembe yake, mguu wake. Huo nao ni uandishi wa mashabiki, ila kwa tezo. Dhuluma ninayoiona ipo kwingine kabisa, kati ya bei anayolipwa mchongaji na bei iliyobandikwa dukani Ulaya.

Nimalizie huko chini Masasi, kwa upande wa mama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, akikusudia kuwapeleka Nyasa, lakini safari ikaishia Masasi na mji wa misheni ukaanzia hapo. Miaka sita kabla, mwaka 1870, Steere huyohuyo alikuwa amechapisha London hadithi za Kiunguja alizosimuliwa, na mojawapo ni ya Sultani Darai. Maskini anayepekua jaani anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anamtafutia nguo, mke binti wa sultani, na nyumba ya nyoka mwenye vichwa saba aliyemwua mwenyewe. Kisha paa anaugua, na tajiri yule anaamuru apewe uji wa mtama mwekundu. Paa anakufa kwa uchungu na bwana wake anamtupa kisimani. Mwishowe mke anaamka akajikuta kwao, na mume anaamka akajikuta jaani, anapekua kama zamani. Mwaka 1901 Andrew Lang aliwasimulia watoto wa Kiingereza kisa hichohicho kwa lugha yao, kwa hiyo naye aliongeza na kupunguza.

Nilikisimulia Masasi baada ya kustaafu, jioni moja, kwa wajukuu wa ndugu zangu. Nilipofika jaani nilitazamia wafurahi, maana mbaya amelipwa ubaya wake. Hawakufurahi. Mvulana wa miaka kama tisa aliniuliza, "Babu, na paa?" Nikamwambia paa amekufa, sultani mkwe alimtoa kisimani akamzika kwa heshima na mji mzima ukaomboleza. Akasema hiyo si haki. Mwenye kosa amerudishwa alikotoka, mwanamke amerudishwa kwao, kwa nini paa peke yake harudishwi?

Wakajadiliana wenyewe, mimi wakanisahau. Dada yake alisema paa arudi kwa yule aliyemwuza. Walimkataa, kwamba huko alikuwa amefungwa tunduni. Mwingine akataka awe sultani. Wakacheka, paa atakula nini ikulu? Mwishowe yule mvulana aliamua. Watu walipokwisha kuomboleza, alisema, usiku walifukua kaburi wakakuta majani mabichi tu. Paa alikuwa amekwisha kupanda Mkomaindo, na mpaka leo yuko huko juu.

"Na maji je?" akauliza dada yake.

Mvulana alifikiri kidogo, akasema juu ya jabali mvua huacha madimbwi.