Metre 80 Chini ya Mteremko



Wadogo wa mwaka wa tatu wananiuliza kila juma: «Yaya, fizike ni ya nini?» Wanaona vitesi, masi na nguvu ni maneno ya kuandika katika kaye tu, kisha egzameni kuyasahau. Mimi siwakubalii. Hapa Kivu ya Kaskazini mwalimu wa fizike anapita mbele ya lango letu kila siku: ni chukudu.

Tena kuna sababu ingine. Siku ya posho wengine wenu wanapanda juu ya mizigo ya chukudu pale mteremkoni. Bwana Prefe alinituma mimi kapita nikataze. Nimekataza, hawasikii. Basi tuhesabu.

Zamani Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba kitu hakiendi kama hakisukumwi. Galileo (1564-1642) alikataa, na Newton akaandika sheria mwaka 1687: kitu kinachoenda kinaendelea vilevile mpaka nguvu fulani ikizuie. Angalieni chukudu ikishamaliza mteremko. Pale tambarare hakuna mtu anayesukuma, na bado inakimbia! Kinachoisimamisha ni msuguano na freni. Na freni yenyewe ni nini? Kipande cha mpira wa gari kwenye gurudumu la nyuma, mwenyewe anakikanyaga na mguu. Ni hivyo tu.

Tuseme mguu ule, pamoja na msuguano, unatoa newton 200. Mtu ni kilo 60, chukudu 40, jumla 100. Gawanya 200 kwa 100: kila sekonde vitesi inapungua metre 2 kwa sekonde. Kama ilikuja na metre 5 kwa sekonde (ni kilometre 18 kwa saa), itasimama kisha sekonde 2 na nusu. Vitesi ya katikati ni 2.5, kwa hiyo inapita metre 6 na kidogo. Hakuna shida.

Sasa weka magunia mawili ya viazi, kilo 200. Masi ni 300, lakini mguu ni uleule. Inasimama kisha metre karibu 19. Na kama vitesi ni mara mbili, metre 10 kwa sekonde? Wengi wanajibu 38. Hapana. Inachukua sekonde 15, vitesi ya katikati 5: metre 75! Masi ikiwa mara mbili, njia ni mara mbili. Vitesi ikiwa mara mbili, njia ni mara ine. Hapo ndipo watu wanadanganyika, hata wakubwa.

Mimi na kijana mumoja wa darasa letu tulipima na kamba kutoka mwisho wa mteremko mpaka balabala kubwa ya makamio. Ni metre 80. Mwenye chukudu, na viazi vyake, anabakiza metre 5. Anajua kazi yake. Wewe wa kilo 50 ukipanda, masi inakuwa 350, na njia inakuwa metre 87 na nusu.

Nimehesabu kwenye tambarare peke yake. Kule juu mteremkoni uzito wenyewe unaivuta tena chini, na kukiwa mvua mpira unateleza.

Wa mwaka wa tatu, hii ni kazi yenu: wakipanda wawili, wa kilo 50 kila mumoja, chukudu itasimama wapi? Leteni majibu kwangu siku ya posho, mbele ya saa ya soko.