Meno ya Mama na Kiungulia

Kliniki ya wajawazito, na hata katika vikao vya akina mama kanisani, tumezoea kusikia kwamba mtoto aliye tumboni hunyonya chokaa ya meno ya mama yake. Mama mmoja wa kwaya yetu, mwenye mimba ya tatu, aliacha kabisa chai ya moto kwa sababu meno yalimchoma. Mama mkwe wake alimwambia avumilie, mtoto anachukua haki yake.

Sivyo, akina mama. Mtoto hachukui chokaa ya jino. Tulipomuuliza zaidi mwenzetu huyo, tukasikia habari ya kiungulia kila usiku na kutapika kila asubuhi.

Tindikali ya tumboni ni kali sana. Ikipanda hadi kinywani hulainisha tabaka gumu la nje la jino, na tabaka hilo likishalika haliwezi kuota tena. Usiku madhara huzidi, kwa kuwa tukilala mate hupungua, nayo mate ndiyo yanayosafisha kinywa. Meno ya juu ya mbele hulika kwanza kwa upande wa ndani, ule unaoguswa na ulimi, hivyo mama akijitazama kwenye kioo haoni kitu.

Linalotusikitisha ni kwamba walio wasafi mno ndio hujiumiza zaidi. Mama akishatapika hukimbilia mswaki, maana anaona haya kusalimiana na watu kinywa kikinuka. Wakati huo jino limelainika, na kulisugua ni kulikwangua. Sukutua kwa maji, ungoje angalau nusu saa, ndipo upige mswaki taratibu kwa dawa yenye floraidi.

Na zile ndimu na embe bichi za chumvi? Tumepita huko, hamu ya mimba tunaijua! Basi kula mara moja yaishe, usimung'unye kutwa nzima.

Chakula cha jioni kiliwe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Lalia ubavu wa kushoto, na miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa tofali. Kiungulia kisipokoma hata baada ya kujifungua, nenda hospitali. Ukienda kwa daktari wa meno, mweleze na habari za tumbo. Wengi wetu humwonyesha jino tu, tukanyamaza. Mimba haizuii kutibiwa meno. Mwambie tu ina miezi mingapi.