Injini ya Hilux ndani ya Peugeot ya mzee wangu

Mzee wangu alipopatwa na kiharusi mapema 2023, gari lilikuwa zima. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu hapa Bumula wengi hudhani mume na gari vililala siku moja, na wengine walishaanza kunong'ona habari za kurogwa. Gari liliendelea kufanya kazi miezi kadhaa likiendeshwa na mpwa wake. Ndilo lililolipa dawa, nauli za kliniki Eldoret na karo ya watoto walio bweni. Maji yalitufika shingoni lilipokufa nalo.

Lilikuwa pikapu la Peugeot 504, la petroli, injini ya sisi 1,796. Wenye mvi wa magharibi mwa Kenya hawahitaji kuelezwa. Kabla ya Nissan za matatu, na zamani sana kabla ya Probox, Peugeot ndizo zilizotubeba kwenda sokoni na matangani. Mzee wangu alikuwa akikaa na wenzake anawahesabia: Safari Rally 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, 504 ikachukua 1975 na Ove Andersson, ikarudia 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Mimi sikuwahi kujali nani alishinda nini. Nilijali kwamba gari hilo lilibeba magunia bila kulalamika.

Biashara yetu ni rahisi kuieleza. Mavuno ya Trans Nzoia yakiisha na ghala zikijaa, tunanunua mahindi Kitale, tunayaweka, kisha tunayauza kwa gorogoro Bumula na Mateka wakati nyumba nyingi zimemaliza ya kwao. Kwenda Kitale hatuendi mikono mitupu. Tunapakia viazi vitamu na njugu. Bungoma iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Kitale inakaribia 1,900, kwa hiyo viazi vinapanda na mahindi yanashuka. Ukumbuke hayo mahindi yanayoshuka, tutayarudia.

Septemba 2023, likiwa na viazi, gari lilichemka likipanda kutoka Webuye kuelekea Kamukuywa. Mpwa wetu alisimama upesi, lakini maji yalikuwa yameshaingia kwenye oili, ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Viazi tuliviuza kwa hasara. Ulikuwa mwezi uleule petroli ilipovuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza: Nairobi ilifika 211.64 kwa lita, na dizeli 200.99. Huku kwetu ni juu kidogo, maana mafuta husafiri kabla hayajatufikia.

Fundi wa Bungoma aliifungua injini. Silinda hedi ilikuwa imepinda kwa joto. Hiyo ingeweza kusawazishwa, na lina za Peugeot huvuliwa na kuwekwa mpya, ndiyo sababu injini hizi ziliishi miaka mingi. Tatizo lilikuwa krenki. Ilikuwa imechongwa mara nyingi mpaka ikafika saizi ya mwisho. Hapakuwa na chuma cha kuchonga tena. Ya kuibadilisha ingetafutwa kwenye gari jingine lililokufa, na hakuna ambaye angejua hali yake kabla ya kulipia.

Wakati huohuo nilikuwa nakodi nafasi kwenye magari ya watu, nikilipa kwa gunia. Faida ilikuwa inaishia mkononi mwa mwenye gari. Miwa yetu ilikuwa imeshakwenda kiwandani na malipo hayakuwa yameonekana. Kuna siku kina mama wa kanisa la Marafiki waliingia uani na unga na sukari, wakaomba, wakaosha nguo za mgonjwa na kuondoka bila kuniuliza swali hata moja. Namshukuru Mungu kwa ajili yao mpaka leo.

Ushauri haukukosekana. Shemeji yangu alitaka tuliuze gari kwa watu wa skrepu, wanaopima kwa kilo. Pesa yao isingetosha bodaboda ya maana. Kuagiza pikapu kutoka Japani lilikuwa jambo la kuota tu: sheria ya KEBS hairuhusu gari lililotumika liingie nchini likiwa limepita miaka 8, na la umri huo bei yake si ya muuza mahindi. Vijana wa gereji nao walikuwa na wimbo mmoja: TD27. Hiyo ni dizeli ya Nissan, sisi 2,663, iliyozungusha matatu za Kenya miaka na miaka, na taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika. “Mama, ukiweka hiyo utasahau gereji,” waliniambia. Pijo yenye injini ya matatu! Ilisikika vizuri mno, nikataka kuona hesabu kwanza.

Nilichukua daftari la mauzo nikakaa mezani watoto wakishalala. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya mafuta, kwa kuwa kila mtu alikuwa akisema dizeli itanirudishia gharama. Si kweli, kwa safari kama zetu. Dizeli ilikuwa chini ya petroli kwa shilingi 10 na kitu, na injini ya dizeli hunywa kidogo kuliko ya petroli. Hata nilipokadiria kwa ukarimu, mafuta peke yake yangehitaji miaka kurudisha bei ya injini na kazi ya fundi. Ningeishia hapo ningeliuza gari. Lakini niliandika hesabu ya pili pembeni: kile ninacholipa kwa kila gunia kwenye gari la mwenzangu, msimu mzima, pamoja na mahindi niliyoshindwa kununua bei ikiwa chini kwa sababu sikuwa na usafiri siku hiyo. Hiyo ndiyo iliyoamua. Kilichokuwa kinatumaliza ni gari kukaa juu ya mawe.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja wa Kitale, mtu mzima, aliyezoea trekta na magari ya mashambani. Kitale kuna mashine za kukerezea vyuma kwa sababu ya hizo trekta, na kazi yetu ilihitaji kukereza. Nilipomtajia TD27 hakucheka wala kunipinga. Aliuliza gari linabeba nini, na likiharibika Mateka saa mbili usiku ni nani atakayelitengeneza. Kisha akanieleza jambo ambalo vijana hawakuligusa. Katika 504, shafti ya nyuma haiko wazi. Imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa moja kwa moja kwenye giaboksi. Ukiondoa giaboksi ya Peugeot, umejitwika pia shafti na difu. Ukiiacha, basi usiipe injini itakayoivunja, wala injini nzito itakayobonyeza mbele ya gari. Yeye alipendekeza 2L, dizeli ya Hilux, sisi 2,446. Nguvu yake ni farasi 80 hivi, sawa na ile iliyokufa. “Hutaona maajabu,” alisema. “Utaona gari linatembea.”

Fundi anayekushauri uchukue kazi ndogo badala ya kubwa anastahili kusikilizwa. Nilimwomba afike Bumula alione gari na amsalimu mwenyewe.

Mzee wangu wakati huo maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, moja moja. Upande wa kulia ulikuwa haujarudi. Fundi alikaa kwenye kigoda karibu naye, akampa pole, akamweleza mpango wote, taratibu, kama anavyozungumza na dereva mwenzake. Akamaliza, akangoja. Mzee aliangalia uani gari lilipokuwa, akahangaika na mdomo mpaka likatoka neno moja: “Breki?”

Fundi aligeuka akanitazama, kisha akasema, “Huyu bado ni dereva.” Akatueleza. Injini ya petroli hufyonza hewa kwa nguvu kupitia kabureta, na mfyonzo huo ndio unaosaidia busta ya breki. Bila huo pedali inakuwa ngumu kukanyagika. Dizeli hainyimwi hewa kwa namna hiyo, kwa hiyo mfyonzo wa kutosha haupo. Mtu akihamisha injini na kusahau hilo, gari litawaka, litapanda mpaka Kitale vizuri kabisa, kisha litashuka na mahindi likiwa halisimamiki. Alitoa simu akatuonyesha picha ya alteneta ya 2L. Mgongoni mwake kuna pampu ndogo ya kufyonza hewa, ina mpira wa kwenda kwenye busta na paipu zake za oili. “Nikinunua injini bila hii, mzee, unifukuze.” Mzee akaitikia kwa kichwa. Mimi ndipo nilipokata shauri.

Pesa ilitoka kwenye mikaratusi ya nyuma ya nyumba iliyouzwa kwa ajili ya nguzo, mtamba mmoja na mkopo wa chama. Injini hatukuichukua kwenye rundo la injini za kutoka nje. Fundi alipata Hilux iliyopinduka, bado inawaka, tukaisikiliza ikinguruma ndani ya gari lake kabla haijashushwa, na mwenye Hilux akatuandikia karatasi ya mauzo yenye namba ya injini.

Kazi yenyewe nitaipitia haraka, isipokuwa sehemu moja. Injini ya Peugeot hukaa imeinama nyuzi 45, ile ya Hilux inasimama wima, kwa hiyo sampu ilikatwa na kuchomelewa upya, na mauntingi zikatengenezwa. Rejeta iliongezwa ukubwa, maana 2L inaogopa joto na hedi yake hupasuka. Sehemu ninayotaka uione ni bamba la kuunganisha injini ya Kijapani na giaboksi ya Kifaransa. Lilipofungwa mara ya kwanza, kwa macho yangu lilikuwa limekaa sawasawa. Fundi akabandika geji yenye uso wa saa kwenye flaiwili, akaizungusha injini kwa mkono, polepole, huku ncha ya geji ikipita ukingoni mwa tundu la bamba. Mshale ulicheza. Kidogo tu, upana wa unywele. Akafungua kila kitu, akarudisha bamba kwenye mashine. Kijana wake alinong'ona kwamba wengine wangeacha vilevile; klachi ingeanza kuisha na beringi ya giaboksi ingelia baada ya miezi, mteja akaambiwa Peugeot ni mbovu. Fundi alirudia hadi mshale ukatulia, kisha akakereza bushi ya shaba ya kuingia nyuma ya krenki, kazi ambayo hakuna atakayeiona tena.

Karatasi nazo ni sehemu ya injini. Logibuku ya Kenya inabeba namba ya injini na aina ya mafuta. Tulipeleka maombi NTSA, gari likakaguliwa, namba ikabadilishwa, na kampuni ya bima ikajulishwa kwamba gari sasa ni la dizeli. Asiyefanya hivyo anaendesha gari ambalo kwa maandishi si lake, na siku ya ajali ndipo atakapolijua hilo.

Agosti 2024 ilitukuta barabarani. Wasomaji wa kwetu wanajua Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili ni nini kwa Wabukusu: tohara, wimbi la kutengenezea busaa, kuku, viti, hema, wageni wa kila upande. Pikapu halikupata nafasi ya kulala. Mkopo wa chama nimeumaliza. Mzee anatembea kwa fimbo, na gari likiingia uani hulisikiliza kwanza kabla ya kuwasalimu waliomo.

Si gari tamu. Linatetemeka likiwa limesimama, kelele yake inafika kwa jirani, na kwenye mlima mabasi yanatupita. Mkanda wa taimingi tunauhesabia kilomita, na rejeta mpwa wetu anaikagua kila asubuhi, apende asipende. Kama gari lako hutoka Jumapili kwenda kanisani na kurudi, usithubutu. Fufua injini yake au liuze. Kama ndilo linalolisha nyumba na lina bodi imara, kazi hii ina faida. Na wewe unayehama kutoka petroli kwenda dizeli, usitoe hata shilingi moja kabla fundi hajakushika mkono akakuonyesha pampu ya breki itakaa wapi.