Maoni Yangu juu ya Kazi Zinazonakiliwa

Bwana Mhariri, muhula huu chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo kwamba anayechukua wimbo, filamu au maandishi ya mtu mtandaoni bila kulipa ni mwizi sawasawa na mwizi wa kuku. Upande uliounga mkono ulishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikaa nyuma karibu na dirisha, nikanyoosha mkono mara tatu, lakini muda ulikwisha kabla sijaitwa. Basi naomba nafasi katika gazeti letu niyaseme yale ambayo sikuyasema siku ile, maana jambo hili nalijua kwa karibu kuliko wengi waliosimama kusema.

Mjomba wangu ana kibanda karibu na mwalo wa Kirumba. Ndani yake mna kompyuta moja, spika mbili, feni, na waya za kila aina ya simu. Kazi yake ni kutia nyimbo na filamu katika simu na memori kadi za watu. Kwa shilingi 1,000 mtu huondoka na nyimbo thelathini. Filamu moja ni shilingi 500. Katika nyimbo hizo hakuna hata mmoja ambao mjomba aliununua. Na godoro ninalolalia bwenini, ndoo yangu, sare zangu na nauli, vyote vimetoka katika kibanda hicho. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2022 Serikali imeondoa ada ya kidato cha tano na cha sita, lakini godoro bado hununuliwa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi, asije akanidhani hakimu.

Wateja wengi wa mjomba ni wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Kila aliyefika Kirumba anajua jinsi mwalo ule unavyopokea mitumbwi na maboti kutoka Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine, na jinsi wanunuzi wanavyotoka mbali, wengine hata Kongo. Mvuvi akirudi kambini hukaa huko majuma mengi. Usiku wa giza huvua dagaa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliki vizuri, basi watu hukaa siku kadhaa hawana kazi ila kushona nyavu na kulala. Hapo ndipo filamu na nyimbo huwa kama chakula. Katika kambi nyingi mtandao ni dhaifu, na bando la siku nzima huisha kabla filamu haijafika katikati. Mvuvi wa namna hiyo ukimwambia akanunue wimbo kwa njia ya halali, atakuuliza duka liko wapi. Hana kadi ya benki, na duka lenyewe kule Goziba halipo.

Jambo hili wasemaji wetu hawakuligusa. Walisema tu kwamba umaskini si sababu ya kuiba, wakapigiwa makofi.

Tena mfano wa kuku haukunifaa. Mwizi wa kuku akishaondoka, mwenye kuku hana kuku. Aliyenakili wimbo amemwacha mwenye wimbo na wimbo wake. Sisemi kwamba kwa hiyo hapana kosa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yasema wazi kuwa kazi ni mali ya mtunzi, na ikopo ofisi ya COSOTA ya kulinda mali hiyo. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kutoa stempu za kubandikwa kwenye sidii na dividii za halali ili zitofautiane na za wizi. Lakini wakati huo watu walikuwa wameanza kuziacha sidii, na memori kadi, ambayo ni ndogo kuliko ukucha, haina mahali pa kubandika stempu.

Kama si sawa na wizi wa kuku, basi ni kosa la namna gani? Ili kulijibu swali hili yanipasa kwanza niseme habari za ngoma.

Sisi tuliozaliwa Usukumani tumekuta vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno hushindana, na hata leo huonekana wakishindana katika sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, karibu na mwezi wa Juni. Kila upande una manju wake anayetunga nyimbo. Wimbo mzuri haukai mahali pamoja. Huchukuliwa na wachuuzi, wachungaji wa ng'ombe na wake walioolewa mbali, ukafika Magu, ukafika Shinyanga, bila manju kupata hata senti. Hakuna aliyewaita watu hao wezi. Lakini manju huwa na desturi ya kulitaja jina lake ndani ya wimbo, pengine na la baba yake na la kijiji chake. Aliyeimba wimbo huo Shinyanga alikuwa hana budi kumtaja mwenyewe, maana jina lilikuwa limefumwa pamoja na maneno. Na kwa kuwa jina lilifika, mwaliko nao ulirudi. Watu waliotaka ngoma walijua wamtafute nani. Manju aliishi kwa kuitwa, na kuitwa kulifuata jina.

Likizo ya Desemba nilikuwa nimekaa kibandani peke yangu, spika zinaimba, akaja mtu mmoja wa makamo aliyevuka kwa kivuko cha Kamanga. Akasimama mlangoni akisikiliza. Nikamwamkia, "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wimbo huo ni wa nani?"

Nikatazama kompyuta. Faili liliandikwa jina la kibanda chetu na namba ya simu ya mjomba, basi. Nikamwambia kuwa jina la mwimbaji halikuandikwa. Akasema, "Ni wangu. Juzi nilikuwa arusini huko Sengerema, watu wanaucheza, nikawaambia huu ni wimbo wangu. Wakacheka, wakasema mzee ameshalewa."

Mjomba aliporudi alidhani pana ugomvi. Akaagiza soda, akatoa na shilingi 5,000. Yule mtu akapokea soda, fedha akaziacha juu ya meza. Akasema, "Hela hii itakwisha leo. Wewe niandikie jina." Akakaa kwenye benchi tangu saa sita hadi karibu na saa kumi, tukimfungulia nyimbo za Kisukuma moja moja. Kumi na moja zilikuwa zake. Moja akasema si yake bali ni ya mwenzake aliyekwisha kufariki, akatutajia na jina la marehemu tuliandike vilevile. Namba yake ya simu aliisema mara mbili, polepole, akaniambia niisome nilivyoandika. Jina lake silitii humu gazetini kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kusimulia habari za arusi ile. Katika nyimbo zake limo. Muhula uliopita mjomba aliniambia kwamba mtu wa Nansio amempigia yule mzee akiuliza bei yake ya siku mbili.

Kwa hiyo mimi naona hivi. Kunakili kunamnyima mtunzi bei ya nakala moja, na hilo ni kosa. Lakini kulifuta jina lake kunamnyima kila kitu ambacho kingekuja baadaye. Na tazameni, wanaonakili hawasahau majina yao wenyewe! Katika filamu za kutafsiriwa zinazoonyeshwa kwenye vibanda vya video, sauti ya mfasiri hujitangaza tangu mwanzo, kila mtoto wa Kirumba anamjua, lakini aliyeitengeneza filamu hajulikani na mtu. Mjomba naye alikuwa na bidii ya kuandika namba yake.

Iko hasara nyingine ambayo naiogopa kuliko ya kunakiliwa, nayo ni kutonakiliwa kabisa. Wengi wetu tumelisikia jina la Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ila si wengi wanaojua mashaka aliyoyapata. Alizaliwa mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Hakupatikana mchapaji wa kuichapa kwa lugha hiyo. Alipokuwa mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mamia kwa mamia, na Tanzania Publishing House ikakitoa kitabu mwaka 1980. Naye akafariki mwaka 1981 kabla kitabu hakijamfikia mkononi. Miaka thelathini na mitano hadithi ile ilikaa kwenye makaratasi kisiwani, na panya mmoja au paa moja linalovuja lingeweza kuimaliza. Leo mwanafunzi akiwa na simu anaweza kupeleka kitabu kizima kutoka Nansio hadi Ulaya kabla maji ya chai hayajachemka. Nikifikiri juu ya mzee Kitereza siwezi kuichukia mashine inayonakili. Kwa sheria ile ya 1999 haki za mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo kitabu hicho kina wenyewe mpaka mwisho wa mwaka 2031. Lakini naamini kama mtu angempa mzee yule nafasi ya kuchagua mwaka 1950, kati ya kusomwa bure na kutosomwa, asingekawia kujibu.

Sasa niseme kidogo juu ya blogu, maana huko nako ugonjwa ni huo huo. Blogu za Kiswahili zilianza na watu wachache wenye moyo. Ndesanjo Macha, akiwa Marekani, aliandika yake iliyoitwa Jikomboe. Mwaka 2005 huko Helsinki alimsaidia mpigapicha Muhidin Issa Michuzi kufungua ya kwake, na blogu hiyo ya Michuzi ikawa dirisha la Watanzania walioko ng'ambo kutazama nyumbani. Mambo hayo yalikuwa kabla waya wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, wakati intaneti ililipwa kwa dakika na picha moja ilifunguka kama pazia zito. Watu hao waliandika yao, wakaweka majina yao.

Siku hizi ukitafuta habari ya boti iliyozama au ya bei ya pamba, utaikuta katika blogu kumi, neno kwa neno, kosa kwa kosa, hata jina la kijiji limekosewa kwa namna ile ile. Aliyekwenda kijijini akaandika mara ya kwanza ni nani? Haonekani. Kazi yake imefutwa jina mara kumi.

Na mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000 na leseni shilingi 1,000,000, na milioni nyingine kila mwaka. Asiye na leseni alitishiwa faini isiyopungua milioni tano au kifungo cha miezi kumi na miwili. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, mwaka 2022 mojawapo, na sina haja ya kugombana na jambo lililopita. Ila mwaka ule hesabu ya mjini Mwanza ilikuwa hivi: kijana aliyetaka kuandika lake mwenyewe juu ya mambo ya kata yake aliombwa milioni, na aliyetaka kununua kazi ya mwenzake isiyo na jina aliombwa shilingi 500. Tusistaajabu sana kwamba wanakili ni wengi kuliko waandishi.

Wenzangu watauliza, je, jina litanunua unga? Kwa msanii wa Dar es Salaam mwenye wakili na kampuni, pengine ni dogo, yeye anataka fedha yake na ana haki. Mimi nasema juu ya hawa wa kwetu, ambao fedha yao ni simu kulia.

Tangu Desemba hiyo, kila likizo huketi kibandani nikiandika majina kwenye mafaili. Mjomba hanikatazi, ila hunung'unika. "Mpwa wangu, mteja hanunui jina," huniambia, "ananunua sauti." Namba yake amekataa isiondolewe, basi tumekubaliana jina la mwimbaji litangulie na la kibanda lifuate. Hata sasa tumeandika nyimbo mia nne na kidogo. Zilizobaki zazidi elfu sita, na nyingi hazina wa kumwuliza.

Mmoja unanisumbua sana. Ni wa Kisukuma, rekodi yake ni ya zamani na ina mikwaruzo kama iliyotolewa kwenye kaseti. Sauti ni ya mwanamume mzee, hapana vyombo ila filimbi mwanzoni na makofi, na anaimba juu ya mwaka wa njaa na pamba iliyokataliwa kwa kuwa ilinyeshewa mvua. Mwishoni, pale ambapo manju angetaja jina lake, kanda imekatika. Kama yupo msomaji ambaye nyumbani kwao, Magu, Kwimba, Misungwi au popote, mna mzee anayeujua wimbo huo, tafadhali aniandikie kwa mkono wa Mhariri, aseme ni wa nani na wa kijiji gani.